Tusihamasishwe, Tuambiwe

Kuna neno moja la Kiswahili ningependa lipewe likizo ya miaka kumi hivi. Neno lenyewe ni kuhamasisha. Nenda kwenye semina yoyote ya wanahabari hapa Mwanza, iwe hotelini Capri Point au kwenye ukumbi wa halmashauri, utalisikia kabla chai ya saa nne haijafika mezani. Vyombo vya habari vya kisasa vina wajibu wa kuhamasisha wananchi washiriki demokrasia. Redio zihamasishe. Mitandao ya kijamii ihamasishe. Wasanii nao, maana vijana wanawasikiliza, wahamasishe. Kisha waandishi wanapewa bahasha ya nauli, wanarudi kuandika kwamba wananchi wamehamasishwa.

Sasa mimi nauliza: nani amelala? Mama anayeingia Mwaloni Kirumba kabla ya jua kuchomoza, akabishania bei ya gunia la dagaa lililotoka visiwani, hahitaji kijana wa redio wa kumwambia kwamba mambo ya nchi yanamhusu. Ushuru anaolipa anaujua. Siku mafuta ya boti yalipopanda anaikumbuka. Asichokijua ni kwamba ushuru ule ulipangwa kwenye kikao gani, nani aliuunga mkono, na kikao kingine kitakaa lini ili naye atafute diwani wake kabla mambo hayajaisha. Hayo hakuna anayemwambia. Anaambiwa "jitokeze".

Hoja yangu ni hiyo. Vyombo vyetu vya habari, vya zamani na hivi vya kwenye simu, vinatuhamasisha kupita kiasi na kutuambia kidogo mno, na hicho kidogo kinakuja uamuzi ukiwa umeshapita. Halafu tukikaa kimya tunaitwa wavivu wa demokrasia.

Tuanze na imani kwamba chombo cha habari kinaweza kuwasukuma watu kama ng'ombe wa mnadani. Mwaka 2010 mbunge wa Ilemela alikuwa Anthony Diallo, aliyewahi kuwa waziri, na ndiye mwenye Sahara Media, yaani Radio Free Africa, Kiss FM na Star TV. Kwa mtu wa Kanda ya Ziwa wa rika langu RFA haikuwa redio mojawapo. Ilikuwa ndiyo redio. Kinyozi aliiwasha, fundi baiskeli aliiwasha, kwenye daladala ya Igoma uliisikia. Kama redio ingekuwa na nguvu zile zinazosemwa semina, Ilemela isingempotea. Lakini ilimpotea. Highness Kiwia wa Chadema aliichukua, na hapo jirani Nyamagana Ezekia Wenje akamwangusha Lawrence Masha, ambaye alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Miaka mitano baadaye majimbo yote mawili yalirudi CCM. Watu walipima, wakapima tena. Na huo mwaka 2010 ndio ambao nchi nzima waliojitokeza kupiga kura walikuwa kama 43 tu kati ya kila 100 waliojiandikisha. Kwa kipimo cha semina ulikuwa mwaka mbaya. Kwa kipimo cha mtu wa Mwanza, kura yake haijawahi kuwa na uzito kama siku ile.

Na tukirudi nyuma zaidi, wazee wetu walikuwa na redio ngapi? Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Usukuma walichoka kupunjwa na wanunuzi kwenye mizani. Hawakuanza na hotuba. Walianza kwa kuweka watu wao wasimame kwenye mizani na kuhakiki kila kinachopimwa. Ni jambo dogo kabisa: mtu anayejua kusoma mizani, amesimama pale, anasema ni ratili ngapi. Kutokana na wale wapimaji vikaota vyama vya wakulima, Paul Bomani akiwa kiongozi wao, na ilipofika mwaka 1955 kulikuwa na Victoria Federation of Co-operative Unions, muungano mkubwa wa ushirika wa Waafrika ambao serikali ya kikoloni ilibidi izungumze nao, itake isitake. TANU ilikuwa imepigwa marufuku katika Jimbo la Ziwa tangu mwaka 1954 hadi 1958. Hata hivyo mwaka huo wa 1958, watu wa Geita walipowekewa baraza la wilaya la mchanganyiko wa rangi ambalo hawakulitaka, maelfu walilikataa, wakaja hadi Mwanza kumwona mkubwa wa jimbo, wakapigwa mabomu ya machozi. Baraza lile halikudumu.

Hakuna aliyewahamasisha kwa jingo. Walikuwa na habari chache ila zilizokamilika: kilichopimwa, bei yake, na mtu wa kumbana. Mwenye habari ya namna hiyo hasukumwi.

Tukitoka kwenye pamba ya shamba twende kwenye Pamba ya mpira. Pamba Jiji ilipopanda tena Ligi Kuu mwaka 2024, mji huu ulibadilika ndani ya wiki. Muulize bodaboda yeyote wa Mkuyuni: Pamba inacheza na nani, siku gani, saa ngapi, uwanja gani, nani majeruhi, nani ana kadi tatu za njano. Anajibu bila kufikiri. Kisha muulize huyo huyo baraza la madiwani litakaa lini. Atacheka. Si kwamba mpira ni mtamu na siasa ni chungu, hiyo ni kauli ya kizembe. Nimeona watu wakibishana siasa Makoroboi mpaka biashara zikasimama. Tofauti ni kwamba habari za michezo zinatangulia mechi. Ratiba inatolewa msimu haujaanza. Kikosi kinajadiliwa asubuhi. Mchambuzi anakwambia beki wa kushoto ana udhaifu gani. Ukienda CCM Kirumba unakwenda ukijua unachokwenda kukitazama, na kama kocha amekosea unaliona kosa kwa macho yako.

Habari za halmashauri zinakuja baada ya mechi, tena bila matokeo. Unapewa picha ya mgeni rasmi.

Hebu chukua gazeti lolote au fungua ukurasa wowote wa habari za Kanda ya Ziwa uangalie sarufi yake. Kitenzi kikuu cha uandishi wetu ni "wametakiwa". Wananchi wametakiwa kutunza mazingira. Wavuvi wametakiwa kuacha uvuvi haramu. Wazazi wametakiwa kuchangia chakula cha shule. Vijana wametakiwa kujitokeza. Nani kawataka? Mkuu wa wilaya, mkuu wa mkoa, katibu tawala, kamanda. Mwananchi katika sentensi hizi hatendi kitu, anatendwa. Siku akitenda, habari inamgeuza kuwa "baadhi ya wananchi", nao daima "wamelalamikia" au "wameipongeza". Hakuna kitenzi cha katikati. Huwezi kusoma kwamba wakazi wa mtaa fulani wameuliza swali, wakajibiwa hivi, wakaona jibu halitoshi, wakaweka hoja nyingine. Nimefundisha Kiswahili muda mrefu, na naamini lugha inayomweka mtu kwenye "-wa" kila siku inamzoesha kukaa hapo.

Kisha watu hao hao wanashangaa kwa nini hatushiriki.

Mtaniambia: kuna vipindi vya kupiga simu. Vipo, na nimepiga. Kituo sikitaji, maana vyote ndivyo vilivyo. Siku moja wageni studio walikuwa wa halmashauri, mada ni maendeleo ya mji. Nikaingia hewani, nikawasalimu, nikauliza swali moja: mtaro wa mtaa wetu, ambao mvua zikinyesha unaingia kwenye nyumba za watu, umo kwenye bajeti ya mwaka huu au haumo? Mtangazaji akasema, "Ahsante sana mpigaji wetu, mwalimu, ujumbe umefika." Ukapigwa wimbo. Ujumbe umefika wapi? Mgeni alikuwa ameketi pale pale, umbali wa mkono. Swali lilikuwa la ndiyo au hapana. Walivyorudi kutoka kwenye wimbo waliendelea na mpigaji mwingine, aliyependekeza vijana wahamasishwe zaidi. Huyo walimpongeza.

Ushiriki wa simu ni wa namna hiyo: sauti yako inaruhusiwa kupita hewani mradi haisimami mahali pa kujibiwa.

Hili si la redio za Mwanza peke yake, tusiwaonee. Mfano mkubwa uliwekwa na wakubwa. Januari 2016 Nape Nnauye, akiwa Waziri wa Habari, aliliambia Bunge kwamba TBC itaacha kurusha moja kwa moja vikao vya Bunge kwa sababu ya gharama, akitaja shilingi bilioni 4.2 kwa mwaka. Badala yake tungewekewa kipindi cha usiku chenye muhtasari. Mwaka uliofuata Waziri aliyemrithi, Harrison Mwakyembe, akataka redio na televisheni zinapopitia magazeti asubuhi zisome vichwa vya habari tu, zisiingie ndani. Kwa mtu wa Dar es Salaam huenda yalikuwa mambo ya kisiasa tu. Kwa kijiji cha Ukara, ambako gazeti likifika linafika limechelewa, kusomewa gazeti redioni ndiko kusoma gazeti kwenyewe.

Nimeitaja Ukara kwa makusudi. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilitoka Bugorora, Ukerewe, siku ya soko, kikapinduka karibu kabisa na gati la Bwisya. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokufa walizidi 220. Rais Magufuli alitangaza siku nne za maombolezo na akaivunja bodi ya TEMESA, wakala wa serikali uliokuwa unakiendesha. Siku zile zile ikaanza kusemwa, na John Mnyika wa Chadema alilisema wazi, kwamba hali ya kivuko kile ilikuwa imelalamikiwa mara nyingi. Mbunge wa Ukerewe wa wakati huo, Joseph Mkundi, alikuwa ameshalipeleka suala hilo bungeni.

Sisemi kamera ya TBC ingekiinua kile kivuko majini. Kivuko kinazuiwa kupinduka na mtu wa getini anayehesabu vichwa. Ila fikiria abiria wa Bugorora ambaye angemsikia mbunge wake kwa sauti yake mwenyewe, mchana, akisema chombo hiki kina matatizo, na akamsikia waziri akijibu kwa maneno yake. Huyo angekuwa na kitu cha kumwambia mkata tiketi. Angekuwa na kitu cha kuwauliza viongozi wake kwenye mkutano wa kijiji, ambao kwa sheria zetu za serikali za mitaa unapaswa kukaa angalau kila miezi mitatu. Hakuwa nacho. Yaliyosemwa Dodoma juu ya maisha yake yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho kuyajua, na wengine walikuwa wameshakufa.

Mwaka ule ule wa 2018, kwenye ziwa lile lile, kulikuwa na Operesheni Sangara. Luhaga Mpina akiwa Waziri wa Mifugo na Uvuvi, nyavu zilichomwa, faini zikatozwa, samaki wakapimwa kwa rula. Uvuvi haramu upo na unaua ziwa, hilo mvuvi mwenyewe anakwambia. Lakini wavuvi walilalamika kwa miezi juu ya namna operesheni ilivyoendeshwa, na malalamiko yao yaliandikwa kwa ule mtindo wa "baadhi ya wananchi". Kisha Juni maofisa wakaingia na rula kwenye mgahawa wa Bunge, wakawapima samaki wa kitoweo cha waheshimiwa, wakamtoza mhusika faini ya shilingi 300,000. Lo! Siku hiyo nchi nzima ikajadili rula. Wabunge walikasirika, Spika akaingilia. Huku ziwani tulicheka, cha moto tulikuwa tumeshakiona. Rula ilikuwa habari ndogo ilipokuwa mwaloni, ikawa habari kubwa ilipogusa sahani ya mbunge.

(Mpina huyo huyo mwaka 2025 alienguliwa kugombea urais kwa tiketi ya ACT-Wazalendo, naye akawa mtu wa kutafuta mahali pa kusikilizwa. Sifurahii. Nakumbusha tu.)

Hapo ndipo wenye simu wananiingilia: mwalimu, unaishi zama za redio, siku hizi kila mtu ni chombo cha habari. Kuna ukweli ndani yake. Ila tukumbuke jinsi ukweli huo ulivyopokelewa. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka mwenye blogu alipe ada ambazo jumla yake ilizidi shilingi milioni 2. Juni ya mwaka huo JamiiForums ikalazimika kujifunga kwa muda. Ukichapisha nakala moja ya shairi lako na kuibandika mlangoni ni bure; ukilibandika kwenye blogu, kwa kanuni zile, ulihitaji leseni kama mwenye kiwanda. Mtandao wa X ulifungwa nchini Mei 2025. Septemba 2025 TCRA ikaisimamisha JamiiForums kwa siku 90. Kwa hiyo hicho "chombo cha habari cha kila mtu" kina mwenye ufunguo, na si wewe.

Tena nisiisifie WhatsApp bure. Kundi la mtaa wetu lina watu zaidi ya mia moja, na kwa siku ya kawaida ni rambirambi, picha za maua zenye aya za Biblia, mawakala wa mikopo, na sauti zilizotumwa mara nyingi zisizojulikana zimetoka kwa nani. Uongo umo tele. Lakini kuna wiki moja kundi lile lilifanya kazi ambayo redio zote za mji hazijawahi kutufanyia. Tulikuwa tumechangishwa fedha za kumalizia darasa, shilingi 10,000 kila kaya. Mtu mmoja, kijana wa kuchomelea vyuma, alipita ofisi ya mtaa akaipiga picha karatasi ya mapato iliyokuwa imebandikwa ubaoni, akaitupia kundini. Hakuandika neno. Basi watu wakaanza kuhesabu. Mzee mmoja mstaafu wa reli akauliza kaya za mtaa ni ngapi. Mama wa duka akatoa idadi, mwingine akaisahihisha. Ikazidishwa. Karatasi na hesabu havikukutana.

Hakuna aliyetukana, labda mmoja. Jumamosi iliyofuata mkutano wa mtaa ulijaa mpaka watu wakasimama nje ya turubai. Mwenyekiti alikuja na daftari la stakabadhi, akaonyesha kaya ambazo hazikulipa na zilizosamehewa kwa sababu ya ugonjwa, na sehemu kubwa ya pengo ikaeleweka. Sehemu nyingine haikueleweka, akapewa wiki mbili. Mkutano wa kabla ya huo ulitangazwa kwa kipaza sauti mitaa yote, siku tatu mfululizo, tukihimizwa kuhudhuria. Tulikuwa watu kumi na tisa, nilihesabu.

Karatasi moja ilizidi kipaza sauti cha siku tatu. Huo ndio ushahidi wangu, na ni wa kwangu, siufanyi takwimu. Kijana yule hakutuhamasisha. Alituambia.

Sasa nije kwenye lile ambalo huku watu wanalizungumza kwa sauti ya chini. Kwa miezi mingi ya mwaka 2025 tulihamasishwa kuliko wakati wowote ninaoukumbuka. Nyimbo, mabango, matangazo ya redio kila baada ya habari: tarehe 29 Oktoba, jitokeze. Chadema ilikuwa imezuiwa kushiriki, Tundu Lissu akiwa mahabusu kwa shtaka la uhaini tangu Aprili, lakini jingo halikutaka kujua nani yumo kwenye karatasi ya kura na nani hayumo. Siku yenyewe ilipofika, maandamano na vurugu vikatokea Dar es Salaam na miji mingine, Mwanza ikiwemo, na intaneti ikazimwa. Watu walikufa. Tume ikatangaza matokeo: Rais Samia asilimia 97.66, na waliopiga kura ni asilimia 87 ya waliojiandikisha.

Wanaopima demokrasia kwa hamasa wanikabili hapo. Kama ushiriki ni asilimia ya waliojitokeza, basi mwaka 2025 ndio kilele cha demokrasia yetu, na ule wa 2010 ulikuwa aibu. Nani yuko tayari kusimama stendi ya Nyegezi akayasema hayo mbele ya watu?

Ninachokikumbuka mimi ni redio. Zile siku simu zilikuwa vipande vya kioo tu, nikatoa redio ya betri niliyokuwa nimeiweka juu ya kabati. Kituo nilichokishika, ambacho wiki moja kabla kilikuwa kinaniamuru nijitokeze kila nusu saa, kilikuwa kinapiga muziki. Muziki wa taratibu, kama wa msibani. Nikasubiri habari ya saa. Nikaambiwa nidumishe amani. Hakuna aliyeniambia kama barabara ya kwenda Buhongwa inapitika, kama Bugando wanapokea majeruhi, kama mtoto wa jirani aliyetoka jana arudi au alale huko alipo. Kwa hiyo tulifanya kilichobaki: tuliulizana kwenye uzio. Idadi ya waliokufa ilikuwa inapanda kila inapovuka nyumba moja, na hapakuwa na mtu wa kuishusha wala kuithibitisha. Intaneti iliporudi Novemba, miongoni mwa jumbe za mwanzo tulizopokea ni wa Polisi kutuonya tusisambaze picha za kuleta taharuki.

Wanasema habari zinaleta taharuki. Taharuki niliyoiona mimi iliishi kwenye giza, ikala uvumi, ikanenepa.

Najua waandishi watanijibu, na wana haki. Wengi wao huku mikoani ni wa kujitegemea, wanalipwa kwa habari iliyotoka, na ile bahasha ya semina ndiyo kodi ya chumba. Najua pia wanachokiogopa. Daudi Mwangosi aliuawa Nyololo, Iringa, Septemba 2012, akiwa kazini. Azory Gwanda alitoweka Kibiti Novemba 2017 na mpaka leo hajaonekana. Simwombi mtu afe kwa ajili ya mtaro wetu.

Lakini ninachoomba hakimo kwenye orodha ya mambo ya hatari, na ndiyo maana kinaniudhi kwamba hakifanyiki. Vikao vya baraza la madiwani ni vya wazi. Vinakaa kila robo mwaka. Tangu mwaka 2016 tuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, ambayo inampa ofisa siku 30 za kukujibu ukimwandikia. Yapo mambo ambayo mhariri akiyagusa atapigiwa simu usiku. Ajenda ya kamati ya fedha ya Ilemela sidhani kama ni mojawapo, na kama ni mojawapo, basi hiyo yenyewe ni habari, atuambie. Miswada nayo kwa miaka mingi iliandikwa Kiingereza wakati Bunge lenyewe linajadili kwa Kiswahili. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria. Kwa hiyo hata kisingizio cha kwamba mambo haya ni magumu kuyaeleza kimepungua.

Tunao watu wa kuyaeleza. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino kiko Malimbe, kinatoa wahitimu wa uandishi wa habari kila mwaka na kina redio yake. Sengerema wana redio ya jamii. Wachambuzi wa mpira wa mji huu wanaweza kumweleza bibi yangu sheria ya kuotea akaielewa; hawashindwi kumweleza ushuru wa mazao. Mtu mmoja, dakika kumi, kila Jumatatu asubuhi baada ya michezo: wiki hii kikao gani kinakaa, wapi, saa ngapi, kinajadili nini, fedha kiasi gani, diwani wa kata hiyo ni nani, na mara ya mwisho alisema nini. Bila jingo na bila "wametakiwa". Baada ya kikao arudi aseme waliokuwepo walikuwa wangapi na nini kilipitishwa.

Mdhamini atapatikana. Mwenye duka la mabati atalipia tangazo lake mara tu atakapogundua kwamba wasikilizaji wanasubiri kusikia zabuni ya paa la shule.

Ratiba ya Pamba Jiji, mhariri, najua unayo, imebandikwa ukutani nyuma ya kiti chako. Ya baraza iko ofisi ya mkurugenzi. Barua ya kuiomba ni ukurasa mmoja, na kama huna wa kukuandikia, mimi nipo, shule zimefungwa.